Nakala, Kiraka na Jumamosi Zangu za Handeni

Wajukuu zangu wa kidato cha kwanza, kaeni vizuri, na aliyekaa karibu na feni ampishe mwenzake.

Mimi ni mstaafu. Najua mnaniona kila asubuhi nimepanga foleni ya uji pamoja nanyi, na najua ndevu zangu zinahesabika kwa vidole vya mkono mmoja na bado kinabaki kidole cha kukunia kichwa. Haidhuru. Utumishi haupimwi kwa ndevu. Nimeitunza nakala ya shule kwa miaka miwili na ushee, nimestaafu nikiwa na miaka kumi na saba, na kama shule hii ingekuwa na shukrani ningeshapewa saa ya ukutani na picha ya pamoja.

Mwalimu Semkiwa kaniambia niwaachie maandishi, kwa kuwa nikifungua mdomo mnacheka. Mwalimu Semkiwa ndiye mlezi wa klabu. Alisomea kufundisha jiografia. Kompyuta alipewa kwenye kikao kwa sababu siku ile simu yake ilikuwa kubwa kuliko za walimu wengine.

Nianze na nakala yenyewe, maana wengi wenu mmejiandikisha kwenye klabu mkidhani tunacheza magemu.

Kompyuta zetu kumi na mbili ni maboksi matupu. Ukiiwasha moja, inaiuliza mashine kubwa ya mwalimu kupitia waya: mimi ni nani, nifanye nini? Mashine ya mwalimu inaipa mfumo, ile programu mama inayoamka kabla ya kitu kingine chochote. Mfumo huo hatukuununua. Umeandikwa na mafundi waliotawanyika dunia nzima, na maandishi yao, yaani msimbo chanzo, wameyaanika wazi mtandaoni. Unachukua nakala yake, maelfu kwa maelfu ya faili, unayapika, yaani unaiamuru mashine iyageuze kuwa mfumo unaowaka, na shule nzima inakula.

Sasa wale mafundi hawatulii. Huyu kaziba tundu, yule kaongeza kitu, mwingine kafuta alichoongeza yule. Ukiwa na nakala yako hapa Kwamndolwa, Korogwe, na ukaisahau, baada ya miezi michache unakuwa umetunza gazeti la kufungia vitumbua. Mkuu wa shule aliwahi kuniita akaniuliza, "Kijana, kitu kinafanya kazi. Kwa nini ukibadilishe kila wiki?" Hii ni shule ambayo ratiba ya vipindi hubadilishwa kila Jumatatu kabla wino haujakauka. Nilimjibu, "Ni sawa kabisa, mkuu," nikaendelea na kazi.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kila Jumamosi naichukua diski yenye nakala yetu, naipeleka Handeni, navuta mabadiliko mtandaoni ili iendane na ya wenyewe, yaani wale mafundi, narudi nayo Korogwe, tunapika. Mtauliza, kwani Korogwe hakuna intaneti? Ipo, msiniletee ubishi. Lakini steshenari ya kwanza walisema diski yetu ina wadudu. Ya pili walisema haina wadudu ila itawapata pale kwao. Ya tatu, kule Masuguru, mama mwenye duka aliishika kwa ncha za vidole akauliza kama inalipuka. Handeni alikuwepo kaka Lemayani, aliyewahi kufundishwa na mwalimu wetu, mwenye kibanda cha fotokopi pale mtaa wa Chanika na intaneti ya kueleweka, na yeye hakuogopa diski ya mtu.

Diski niliibeba kwenye hotpoti. Vumbi haliingii, ikianguka haiumii, na kondakta haiweki kwenye buti, maana anajua chakula kikimwagika atagombana na mtu. Hasara yake ni abiria. Mama mmoja aliniangalia kuanzia stendi hadi tunakaribia kufika, hatimaye akasema, "Mwanangu, wewe hufungui hicho chakula?"

"Si chakula, mama. Ni kazi ya shule."

"Kazi ya shule ya kupika?"

"Tutaipika kesho, mama."

Akaniacha. Akamgeukia mwenzake akasema elimu ya siku hizi imeharibika.

Safari yangu ya kwanza niliaibika hivi. Nilifika kwa Lemayani, nikamsalimia, akaitika marahaba, nikachomeka diski, nikaagiza mfumo wote upakuliwe upya, kuanzia faili ya kwanza. Nilidhani ndiyo maana ya kusasisha. Ikavuta, ikavuta. Watu wakaja kutoa fotokopi za vyeti vya kuzaliwa wakaondoka. Ilipofika nusu, umeme ukakatika. Uliporudi nikaanza tena mwanzo, kwa moyo mkunjufu kabisa. Lemayani akavuta kiti.

"Unafanya nini, Mbelwa?"

"Nasasisha, kaka."

"Ukitaka kujua nyumbani kwenu kuna habari gani, unahamisha kijiji kizima kije hapa kikusimulie?"

"Hapana."

"Unauliza nini?"

"Kuna jipya gani."

"Basi iulize hivyo hivyo. Faili nyingine zote unazo. Chukua tofauti tu."

Akanionyesha amri. Kazi iliyonimalizia asubuhi nzima ikaisha kabla sijamaliza soda. Lishikeni hilo: tunachukua tofauti tu. Nimeona watu wazima wenye ofisi wakipakua kijiji kizima kila wiki na kulalamikia intaneti.

Kisha akanifundisha kusoma barua. Kila badiliko linalokuja lina barua fupi ya aliyelifanya: nimerekebisha nini, kwa nini, na jina lake. Zisomeni, ni tamu kuliko gazeti. Mle ndani utamkuta mtu anamweleza mwenzake wa bara lingine kwamba kazi yake ni takataka, kwa adabu ile ile ya barua ya kuomba ruhusa ya kwenda zahanati.

Mimi kwa kutaka kuonekana mwanafalsafa nikamwuliza, "Kaka, nyie kule kwenu mbugani ng'ombe akipotea mnajuaje bila kuhesabu?" Nilitaka aniambie jambo zito, nililinganishe na faili, niandike kwenye daftari.

Akanitazama sana. "Mimi nimesoma kompyuta Tanga miaka mitatu. Ng'ombe nenda kamwulize baba. Wewe soma kilichoandikwa kwenye kioo."

Somo kubwa kuliko yote niliyowahi kupewa ni hilo, na mtaona nililifanyia nini.

Sasa nimlete dada Zaituni. Alikuwa mbele yangu mwaka mmoja, binti wa Masuguru, mtu wa maneno machache na macho yanayokukagua kama sare. Kabla yake, yale maboksi kumi na mawili yalikuwa yanawekewa vyungu vya maua. Kadi za mtandao za maboksi hayo, vile vipande vinavyopokea waya, zilitengenezwa na kiwanda ambacho nadhani kilifungwa kwa aibu, na mfumo haukuzitambua. Ukiwasha boksi, kinatokea kimstari cha maandishi meupe, basi, giza. Zaituni alikaa na msimbo chanzo kuanzia kidato cha pili. Alisoma faili za kadi nyingine zinazofanana na zetu, akajaribu, akakosea, akajaribu, mpaka akaandika marekebisho yake mwenyewe yanayoufundisha mfumo kuitambua ile kadi. Marekebisho ya namna hiyo tunayaita kiraka. Wenyewe wa mfumo hawakuwa nacho. Duniani kote kiraka kile kilikuwa sehemu moja, ndani ya nakala yetu, kwenye folda aliyoiita viraka_USIGUSE.

Kwa hiyo kila wiki, baada ya kuvuta, lazima kiraka kipachikwe upya, kazi aliyoifanya Zaituni mwenyewe, ndipo tupike. Bila kiraka hakuna kompyuta hata moja.

Mwaka ule, nikiwa kidato cha tatu, ikaja Ijumaa ya tangazo la wageni. Mkuu wa shule alisimama mstarini akatangaza kwamba Jumatano wanakuja wageni kutoka halmashauri kukagua kompyuta. Zinazofanya kazi zitabaki. Zisizofanya kazi zitapakiwa kwenye lori zipelekwe shule moja upande wa Mkumbara, ambako wana chumba kipya na hawana cha kuweka ndani. Zaituni na wenzake sita walikuwa wameshasajiliwa kufanya mtihani wa kompyuta. Zikiondoka, wanafanya mtihani wa kompyuta wakiwa wanaangalia ukuta.

Sasa ninyi mnaijua shule ya Tanzania ikisikia neno wageni. Hatukuambiwa tujaribu mashine. Tuliambiwa tufagie. Mawe ya njiani yalipakwa chokaa, miti ikapakwa chokaa, na kuna kuku wa mpishi aliyesimama vibaya akapakwa na yeye. Mwalimu wa zamu akanikabidhi karatasi yenye sahihi: "Chumba cha kompyuta. Mgeni akifungua kabati akute pasafi. Akifungua kompyuta akute pasafi." Nilicheka. Halafu nikaikunja nikaitia mfukoni. Huo ndio ubaya wa karatasi yenye sahihi.

Jumamosi nikaenda Handeni kama kawaida. Lemayani hakuwepo, alikuwa amekwenda kwao kuchanja mifugo, kibanda kamwachia binamu yake ambaye anachojua ni kubonyeza kitufe cha kijani cha fotokopi. Nikachomeka diski. Chombo cha kuvuta mabadiliko, yaani programu ya kazi hiyo, kabla ya kuanza kikanipa taarifa kwa maandishi mekundu, ambayo siku zote aliyeyashughulikia ni Lemayani: faili tatu zimebadilishwa, haziko kama wenyewe walivyoziandika, na kuna folda moja isiyotambulika.

Wekundu ule. Tangu darasa la kwanza mimi nikiona wekundu najua nimekosa. Na mfukoni nina karatasi. Na miaka tisa yote nimefundishwa kwamba kisichojulikana ni cha nani, kinafagiliwa. Halafu folda imeandikwa USIGUSE. Niambieni ukweli, katika shule hii kuna kitu kimewahi kuandikwa usiguse kikabaki salama? Ukuta wa bwalo umeandikwa usiguse, rangi mbichi, una viganja vya kidato kizima.

Chombo kina amri mbili za usafi. Ya kwanza inarudisha kila faili ilivyokuwa ya wenyewe. Nikaipiga. Ya pili inafuta kila kisichotambulika. Hiyo ilikataa, ikasema haiwezi mpaka niiambie kwa nguvu. Wanangu, mashine ilinibembeleza. Nikaiambia kwa nguvu.

Wekundu ukatoweka. Nikajisikia kama nimetoka kuoga mtoni. Jumapili nikapika peke yangu bila kumngoja Zaituni, nikauweka mfumo mpya kwenye mashine ya mwalimu, na kwa kuwa nilikuwa bado na moto wa usafi, nikafuta na mfumo wa zamani uliokuwa unajaza nafasi.

Jumatatu asubuhi nikawasha kompyuta ya kwanza. Kimstari cheupe, giza. Ya pili, giza. Niliwasha zote kumi na mbili, halafu nikarudia ya kwanza, nikitumaini imebadilisha mawazo.

Zaituni nilimkuta kwenye tangi la maji anaosha sahani.

"Dada Zaituni, shikamoo."

Hakugeuka. "Nimekuzidi mwaka mmoja, Mbelwa. Umeharibu nini?"

"Folda ya viraka."

"Imefanyaje?"

"Nimeifagia."

"Umeifagia ukaiweka wapi?"

"Nimeifagia, dada. Kama watu wanavyofagia."

Akafunga bomba. "Na mfumo uliokuwa unawaka Ijumaa?"

"Ulikuwa unajaza nafasi."

"Nakala nyingine ya kiraka umeweka wapi?"

"Ile ndiyo ilikuwa nakala."

Alisimama pale na sahani mkononi, maji yanamchuruzika hadi kwenye kiwiko. Nilishajiandaa kwa kofi, hata jicho la kushoto nilikuwa nimelifumba. Hakunipiga. Alisema, "Mimi nilikuwa naandika usiku na mchana ili niwaze mtihani tu, nisiwaze mashine." Halafu kidevu kikamtetemeka kidogo, akageuka upande wa shamba la mkonge mpaka kikatulia. Bora angenipiga.

Baadaye akaniambia, "Leta karatasi."

Aliandika nyuma ya mtihani wa kemia wa zamani. Mimi nilikaa kwenye mashine ya mwalimu nikimsomea faili za jirani, za zile kadi zinazofanana na yetu, yeye anasikiliza na kufumba macho na kuandika. Mwalimu Semkiwa alituombea ruhusa ya vipindi vyote, akasimama mlangoni kuzuia watu, na kwa mara ya kwanza nikamwona anafanya kazi ya kompyuta vizuri kabisa. Ilipofika jioni Zaituni alikuwa na mistari thelathini na moja.

"Cha kwanza kilikuwa na mistari zaidi ya mia mbili," nikasema. Nilidhani amesahau mingine.

"Cha kwanza niliandika nikiwa sijui ninachofanya. Nusu yake ilikuwa woga."

Kupika kunachukua saa saba kwenye mashine yetu. Jumanne tukapika, na saa ya sita jikoni kukasimama: kuna mabano yamefunguliwa hayakufungwa. Aliyechapa ni nani? Ni mimi babu yenu. Zaituni aliyafunga. Siku ilikuwa imekwisha, na chumba hufungwa jioni. Jumatano saa moja kamili asubuhi tukawasha jiko upya. Pigeni hesabu wenyewe: mpaka saa nane mchana. Wageni wamealikwa saa tatu.

Wageni wa serikali mnawajua. Walifika saa sita na nusu. Mungu awabariki. Lakini bado tulihitaji saa moja na nusu, na ratiba ilisema: risala, neno la mgeni rasmi, kukagua kompyuta. Na msoma risala, kwa kuwa nina sauti na sina aibu, alikuwa mimi.

Ilikuwa kurasa mbili. Mwalimu Semkiwa alijisimamisha kwenye dirisha la chumba cha kompyuta, tukapatana: akitikisa kichwa, bado, akitoa kitambaa, imeiva. Mkuu wa shule hakujua lolote, alikuwa anapanga maji ya chupa mezani.

Nikaanza. "Mheshimiwa mgeni rasmi." Nikamsalimia. Nikawasalimia maafisa aliofuatana nao, mmoja mmoja. Nikamsalimia mtendaji wa kata, mwenyekiti wa mtaa, walimu, walimu wa mazoezi, mlinzi, wapishi. Nikawasalimia majirani wanaopakana na shamba la shule, upande wa mashariki, kisha magharibi. Nikatazama dirishani. Kichwa kinatikisika.

Nikaingia kwenye historia ya shule. Nilipomaliza niliyoijua nikaanza nisiyoijua. Nikaja kwenye changamoto. Pale karatasi ilisema "upungufu wa madawati". Mimi nikaeleza dawati la kwanza lina tatizo gani, na la pili, na la tatu ambalo mguu wake umeegemezwa na tofali, na tofali limetoka wapi. Mkuu wa shule alikuwa ananitazama kwa jicho ambalo lingekausha mahindi, lakini nani anamkatiza msoma risala mbele ya mgeni? Haijawahi kutokea katika nchi hii. Kichwa kinatikisika.

Dakika ya arobaini koo likanikauka. Nikawaalika kidato cha pili waimbe. Hawakuwa wamejiandaa, wakaimba hivyo hivyo. Nikamshukuru mgeni rasmi kwa kuwasikiliza, nikashukuru kwa niaba ya kila kidato, nikakaa, shati limelowa kama nimetoka kulima.

Kisha mgeni rasmi akainuka kujibu, na hapo ndipo nikajua mimi ni mtoto. Yeye hakuwa na karatasi kabisa. Alizungumza saa nzima juu ya umuhimu wa muda. Alipokuwa anakaribia maelezo ya utoto wake, Mwalimu Semkiwa alishatoa kitambaa, alishakirudisha, alishakitoa tena na kujifutia.

Waliingia chumbani. Zaituni alikuwa amesimama kando ya mashine ya mwalimu, mikono nyuma. Kompyuta zote kumi na mbili zilikuwa zinawaka. Mgeni rasmi akaenda kwenye ya kwanza, akaigusa kwa juu.

"Hizi zina ule mchezo wa karata?"

"Hapana, mheshimiwa," akasema Zaituni.

"Mngeweka. Unachangamsha."

"Tutaweka, mheshimiwa."

Wakakaa dakika nne. Kwenye kitabu cha wageni aliandika kwamba sakafu ni safi sana na utaratibu huo uendelezwe. Lori likaondoka tupu.

Wengine tulipokuwa tunarukaruka, Zaituni alinivuta shati. "Wewe unafurahi nini? Wiki ijayo utavuta tena. Mwakani mimi sipo. Kiraka kitakuwa kwako, kwako wewe, halafu kwa mwingine kama wewe." Akasema dawa ni moja: kiraka kiende kwa wenyewe wa mfumo. Wakikikubali kinakuwa chao, kinakaa kwenye msimbo wa dunia nzima, na hakuna wa Korogwe atakayeweza kukifagia.

Jumamosi ile nilikipeleka kwa Lemayani pamoja na barua ya Zaituni ya sentensi nne. Niliona fupi, nikamshauri aanze na salamu. Akaniambia salamu nilizitoa zote Jumatano. Lemayani akatuma. Baada ya wiki kadhaa mtu kutoka huko mbali akajibu kwamba mstari wa tisa una nafasi mahali pasipotakiwa. Ndiyo hayo tu. Zaituni akairekebisha ile nafasi, nikapeleka tena. Halafu kimya. Akafanya mtihani wake wa kompyuta kwenye kompyuta, akamaliza shule, akarudi Masuguru kusubiri matokeo na kumsaidia mama yake sokoni. Mimi nikaendelea: Handeni, vuta, pachika, pika. Folda nikaitunza sehemu tatu, moja ikiwa kwenye simu ya mwalimu. Kimya kilikuwa kirefu mpaka nikaacha kuuliza.

Mwaka huu, Jumamosi moja, nimevuta kama kawaida pale kwa Lemayani, nikapiga amri ya kupachika kiraka. Kikakataa. Nikarudia. Kikakataa, kwa wekundu. Wajukuu zangu, niliruka kutoka kwenye kiti.

"Kaka Lemayani! Kiraka hakishiki! Nimeharibu tena!"

"Umesoma kioo?"

"Kina wekundu!"

"Sijakuuliza rangi. Kinasema nini?"

Nikasoma. Kilisema mistari hii sishiki kwa sababu tayari imo.

Lemayani akaishusha miguu yake mezani. Akasogea, akafungua barua za mabadiliko ya wiki ile, akateremka nazo taratibu, akasimamisha kidole. Zaituni Hiza. Chini yake barua yake, sentensi nne vile vile, na mistari thelathini na moja. Akawaita wateja waliokuwa wanasubiri fotokopi. "Njooni muone. Jina la binti wa Korogwe hili."

Mama mmoja mwenye bahasha ya vyeti akainama kwenye kioo. "Ameajiriwa?"

"Hapana, mama."

"Amefaulu?"

"Matokeo bado."

"Sasa jina wameliandika la nini?"

"Kuna kitu kilikuwa kibovu, akakitengeneza," akasema Lemayani. "Sasa mtu yeyote duniani mwenye kompyuta kama zao, itawaka."

Mama akafikiri. "Aa. Hapo sawa, waandike."

Nikaomba simu ya Lemayani nikampigia Zaituni. Nyuma yake kulikuwa na kelele za soko. Nikamweleza.

"Mistari mingapi?" akauliza.

"Thelathini na moja."

"Mstari wa tisa?"

Nikausoma herufi kwa herufi, mpaka na nafasi.

"Soma na jina."

Nikasoma. Akaniambia nisome tena, nikasoma tena, na yule mama wa bahasha akalisoma pamoja nami kwa sauti. Nikasikia Zaituni anashusha pumzi kama mtu aliyetua ndoo kichwani. Halafu akasema, "Basi ile folda yetu haina kazi tena. Ifute."

"Dada," nikamwambia, "mimi sifuti kitu. Njoo ufute mwenyewe."

Akaja Jumatatu kwa baiskeli ya kaka yake. Mwalimu wa zamu alimzuia getini kwa kuwa hana sare, mpaka Mwalimu Semkiwa akatoka kumpokea. Akakaa kwenye mashine ya mwalimu, akafuta folda ya viraka, akafuta na ile ya kwenye diski, akafuta na ile ya kwenye simu ya mwalimu. Tukaupika mfumo mtupu, kama unavyotoka kwa wenyewe, bila kupachika kitu. Alingoja saa zote saba. Kompyuta zote kumi na mbili zikawaka.

Kwa hiyo kazi ninayowaachia ni nyepesi: kuvuta na kupika. Kuvuta tofauti tu, na kusoma kioo. Na siku mtakapofungua nakala mkakuta mahali pa folda ya viraka ni patupu, msianze kuninyooshea vidole. Alifuta mwenyewe, mashahidi wapo. Safari hii siyo mimi.